Mjadala: Mtu mzima Uganda ajifunze kusoma kwa lugha gani?

Mleta mada (Kyegegwa)

Ndugu zangu, naleta hoja iliyonikaa rohoni tangu nianze kujitolea kufundisha kisomo cha jioni hapa karibu na makazi ya wakimbizi ya Kyaka II. Mtu mzima anayeuza, anayenunua na kubishania bei kwa Kiswahili, afundishwe kusoma na kuandika kwa Kiswahili hichohicho.

Juni 2022 nchi za dunia zilikutana Marrakech, Moroko, kwenye mkutano wa 7 wa UNESCO wa elimu ya watu wazima, mfululizo ulioanzia Elsinore, Denmark, mwaka 1949. Walisisitiza kwamba kujifunza ni haki ya mtu maisha yake yote. Mwezi uliofuata Baraza letu la Mawaziri likapitisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Nilifurahi sana. Lakini uamuzi ule uliishia kwenye lango la shule. Mama anayemlipia mtoto karo kwa pesa za sokoni hakutajwa.

Darasani kwangu kuna mama anayeuza mukene, yaani dagaa. Hesabu za kichwa ananishinda. Siku moja alinipa simu nimsomee meseji ya pesa. Ndani yake mlikuwa na namba tatu: iliyotumwa, makato na salio. Zote tatu anazitambua, ila hakujua ipi ni ipi, kwa kuwa maneno yanayozizunguka yote ni Kiingereza. Miaka yote hiyo alikuwa akimkabidhi wakala mmoja simu pamoja na namba ya siri amfanyie kila kitu. Shilingi elfu themanini zilipopotea, aliambiwa ni kodi. Angebisha kwa ushahidi gani?

Wapo wanaosema kila mtu afundishwe kwa lugha ya mama. Sawa, ila benchi langu la mbele lina Mlendu, Mhunde, Mnande, Mkiga na Mtooro. Niandike ubaoni lugha ya mama wa nani? Nikichagua ya mmoja, wanne wanageuka wageni. Nikiandika sa-ma-ki, wote watano wanatamka pamoja, na kila mmoja anamjua samaki huyo kwa bei yake.

Tena jirani zetu Watanzania walishapita njia hii. Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Kufika 1977 walibaki 27. Wengi wao nyumbani walisema Kisukuma, Kigogo, Kihaya. Darasani walisoma kwa Kiswahili.

Naomba mnijibu, hasa mliofundisha kabla yangu.

Mwalimu mstaafu (Fort Portal)

Mwanangu, asante kwa kazi unayoifanya, maana hailipi. Ila usiende mbio.

Mpango wa kisomo chenye manufaa ulipoanza 1992 katika wilaya 8 za majaribio, Kabarole yetu ilikuwamo. Mimi nilifundisha kwa Rutooro. Nakumbuka bibi mmoja aliyesoma mwenyewe, kwa kidole, jina la marehemu mumewe kwenye msalaba wa kaburi. Alisoma, akakaa chini kwenye nyasi. Lugha ile ndiyo aliyomlilia. Ungempa Kiswahili gani hapo?

Halafu kuna jambo ambalo vijana hamlipimi. Amin alikifanya Kiswahili lugha ya taifa 1973. Kizazi changu tulikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki anayekuamuru ulale chini. Mtu hafungui daftari kwa hiari kwa lugha iliyomlaza kwenye tope.

Na hiyo meseji umesema mwenyewe ni ya Kiingereza. Kiswahili chako kitamtoaje kwa wakala?

Mleta mada

Shikamoo mwalimu. Kwa bibi yule sina la kubisha. Angefundishwa kwa Kiswahili, angenyang'anywa kitu.

Kuhusu bunduki, nimekusikia, na simlazimishi Mtooro yeyote. Ila wanafunzi wangu wengi wametoka Ituri na Kivu, mashariki mwa Kongo. Wao Kiswahili walikikuta jikoni kwa mama zao, ndicho wanachobembelezea watoto. Wakija Uganda, darasa la Kiingereza linawakalisha kimya kama watoto wa chekechea, nao ni watu wenye wajukuu. Nimewaona wakiacha baada ya wiki mbili, si kwa uvivu, kwa aibu.

Kuhusu meseji, nitakueleza tulivyofanya. Alipozimudu silabi, alianza kusoma vibao vya maduka, kisha majina ya vijiji kwenye mabasi. Herufi ni zilezile, akishazijua anazo. Ndipo tukaongeza maneno matatu tu ya Kiingereza, yale ya kwenye meseji. Tuliyaandika kwenye kikaratasi, kila moja pembeni ya mwenzake wa Kiswahili, naye akakibandika kwa gundi nyuma ya simu. Mwezi uliopita alisoma salio lake mwenyewe. Alilirudia mara mbili kwa sauti, kisha akabadilisha namba ya siri.

Ninachokidai ni kimoja: wanaosoma ndio wachague lugha ya darasa, na vitabu vya Kiswahili vya watu wazima viwepo mezani siku ya kuchagua. Hapa kwetu havipo. Nanakili ubaoni kwa mkono, mvua ikinyesha tunaahirisha, kwa sababu darasa lenyewe ni chini ya mwembe.

Mwalimu, vitabu vile vya Rutooro vya 1992 bado unavyo? Batooro wawili wa darasani kwangu wanaviulizia, na Jumamosi nitakuwa Fort Portal.