Manyasi ya kando ya barabara: tukate yote ao tubakishe ya ndege?

MwanaKadutu: Bandugu ba Bukavu, nauliza. Kila salongo (kazi ya usafi ya wote) shefu wa avenyu anatuambiaka tufyeke manyasi mpaka udongo mwekundu uonekane. Juzi nimepiga kupekupe (chuma ya kufyekea) nikaangusha kiota, mayai 3 yakapasuka, mama yao akabaki anazunguka juu ya kichwa yangu, nilijisikia vibaya sha. Lakini pia nyasi zikifunika viraji (kona za barabara) bamotari (ba taxi ya pikipiki) banagongana, tumeona. Kwenu munafanyaka aje?

yaya_Bagira: Pole mudogo wangu. Kukata siyo shida, shida ni wakati. Ndege ya manyasini inatagaka mu mvua, juu njo wakati nyasi ni ndefu na wadudu ni mingi, sasa we unafyeka mwezi wa 11 yote kwa yote. Sisi tunakataka meta moja karibu ya lami, pa viraji tunasafisha kabisa, kule nyuma tunaacha mpaka mwezi wa 6 kiangazi ikianza. Na mbele ya kufyeka mutoto anapita na fimbo anatikisa nyasi, ndege ikiruka tunaangalia kwanza.

Motari_wa_Nyawera: Ndege ndege, na nyoka je? Na mbu? Mie napita pale usiku na kliyanti nyuma, mbuzi ikitoka mu nyasi ni miye naanguka, siyo kiota. Mukate yote.

papa_nyuki: Pa viraji uko sawa motari, pale hakuna mjadala. Lakini mbu haizaliwake mu nyasi, inazaliwa mu maji yenye kusimama, ile mitaro yenye kujaa chupa za plastiki, njo musafishe hiyo. Tena Bukavu yetu ni milima, mukikwangula na jembe mpaka mizizi, mvua inakuja udongo unashuka wote ku barabara. Kata juu, acha mizizi. Na tithonia, ile maua ya manjano ya njia ya Kavumu, nyuki zangu zinaipenda sana, mubakishe kidogo. Na musichome!! Kinyonga atakimbia moto na miguu gani?

Mama Kobayi: Majani munayokata musitupe mu mtaro, miye nakuja na gunia, kobayi zangu (nyama ndogo za kufuga kama sungura) zinakula (ya karibu ya lami hapana, iko na mafuta na vumbi). Hata Uingereza banashauri kuyaondoa, juu yakioza pale yananenepesha udongo, nyasi kubwa zinamaliza maua.

MwanaKadutu: Aksanti sana. Nitaongea na shefu, ya mwezi wa 6 sijui kama ataikubali. Yaya, ile fimbo munapiga kwa nguvu?

yaya_Bagira: Hapana, polepole. Kwa nguvu utavunja kiota we mwenyewe.