Mjadala: Je, nyimbo za roki zinalinadi gari au zinalishitaki?

Mchangiaji aliyenitangulia anadai kwamba nyimbo za roki za Marekani zimekuwa tangazo la bure kwa watengenezaji wa magari, kwa kuwa zinamfundisha kijana aliyekwama kwamba dawa ya dhiki yake ni kuwasha injini na kuondoka. Naomba kumpinga, ingawa si kwa yote.

Hoja yake inasimama katika "Born to Run" ya mwanamuziki wa roki wa Marekani Bruce Springsteen, iliyotoka mwaka 1975, ambamo barabara kuu ndiyo tumaini la mwisho la vijana wa jimbo la New Jersey. Lakini Springsteen hakuishia hapo. Katika "Racing in the Street" ya 1978, msimulizi analifahamu gari lake la Chevrolet hadi uvunguni, anashinda mashindano ya mitaani, na bado mwanamke aliyempata kwa ushindi huo anakaa kibarazani kwa baba yake akiukodolea macho usiku, ndoto zake zote zimeraruka. Mwaka 1980, katika "Stolen Car", mume ambaye ndoa yake imekufa anaendesha gari la wizi kila usiku akingoja kukamatwa, wala hakamatwi. Sijui ni kampuni gani ingelipia tangazo la namna hiyo.

Ninachokubali ni kwamba katika nyimbo nyingi za aina hii usukani ni wa mwanamume, na mwanamke huitwa tu apande. Ndiyo maana "Fast Car" ya mwanamuziki wa kike wa Marekani Tracy Chapman, ya mwaka 1988, ina uzito wa pekee hapa, hata kama wapo watakaosema kwamba si roki halisi. Msimulizi, ambaye ni mwanamke, ameacha shule ili amtunze baba mlevi aliyekimbiwa na mkewe. Gari ni la mpenzi wake, na mchango wake yeye ni akiba ndogo ya kazi ya dukani. Wanavuka mpaka na kuhamia mjini, anapata kazi inayolipa gharama zote za nyumba, na mpenzi anageuka kuwa baba yule yule, mtu wa kukesha baa na marafiki kuliko kukaa na watoto wake. Gari liliwavusha mpaka, halikuwavusha umaskini, na mwishowe ni mwanamke anayemwambia mwenye gari aendelee na safari zake.

Anayeshikilia kwamba haya ni matangazo na atueleze kwa nini, katika wimbo huo, anayeitegemeza familia ni yule asiye na gari.