Chopa ya kivita Apache inaweza kutua Kilimanjaro? Naombeni mtumalizie ubishi

Mangi_wa_Soweto: Wakuu habari za jioni. Leo mchana kijiweni hapa Moshi imepita chopa ya uokoaji inaelekea mlimani, jamaa mmoja akadakia eti hako ni katoi, ingekuwa Apache ya Wamarekani ingepanda mpaka Uhuru ikae pale juu isubirie watalii. Mi nikabisha, tumewekeana kreti ya soda. Nani mkweli?

kitasa_chuga: Jamaa yako anachanganya ukali na wepesi. Apache ikishiba inagonga tani 10, injini mbili, vyuma vya kuzuia risasi, mzinga wa milimita 30 chini ya pua, na inaweza kubeba makombora ya Hellfire 16, kila moja karibu kilo 50. Sasa zile chopa ndogo za AS350 B3 hata tani 2 na nusu hazifiki, na ndo aina hiyo hiyo Mfaransa Didier Delsalle alitua nayo kileleni Everest 2005, mita 8,848! Kwetu ni 5,895 tu.

Mangi_wa_Soweto: Kwa hiyo Apache haifiki kabisa?

fundi_UngaLtd: Kupita juu inapita, shughuli ni kutua. Ikiwa inasonga mbele mapangaboi yanapata hewa mpya muda wote, ikitaka kusimama hewani palepale na hewa yenyewe nyepesi hapo ndo injini inalia, we chukua boda piga mshikaki watu watatu uwapandishe Kibosho utanielewa. Afghanistan Mi-24, chopa za kivita za Warusi, zilikuwa zinakimbia kwanza na matairi kwenye ranwei ndo zinyanyuke, sababu ya joto na mwinuko. Na Apache ilibuniwa ijifiche nyuma ya kilima, ichungulie, ipige, sasa Machi 2002 kule bonde la Shah-i-Kot, Afghanistan hukohuko, milima mirefu ikabidi zipige huku zinakimbia. Zilitobolewa risasi vibaya ila hakuna iliyoangushwa, hapo nazipa heshima yake.

kitasa_chuga: Na Mi-24 za Uganda, Agosti 2012 zilikuwa zinaenda Somalia zikaishia kuanguka Mlima Kenya. Mlima si wa kuuchezea aisee.

mama_Njiro: Samahanini natoka nje ya mada kidogo, mbona hilo Apache ni jembamba vile kama panzi, na nasikia rubani anakaa nyuma?

fundi_UngaLtd: Dada, wembamba ni ili adui akiliangalia kwa mbele asione pa kulenga, ilianza na Cobra, chopa ya kivita ya Wamarekani enzi za Vietnam, ile upana hata mita haifiki. Mpigaji anakaa mbele, rubani nyuma yake siti imeinuliwa aone juu ya kichwa cha mwenzie. Halafu kofia ya rubani ndo noma, ukigeuza kichwa mzinga nao unageuka, na kijioo kipo jicho la kulia tu, la kushoto linaangalia nje kawaida. Wakiwa wanajifunza kichwa kinawauma balaa.

Mangi_wa_Soweto: Nimemuonyesha jamaa uzi. Anasema ikivuliwa makombora, mzinga na vyuma itatua tu.

fundi_UngaLtd: Si itakuwa imebaki chopa ya uokoaji sasa 😂 mwambie alete kreti.