Mjadala: Je, ni haki kuwanyima wanawake mchanganyiko wa Nordiki katika Olimpiki?

Ndugu wasomaji, katika Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Milano Cortina, Februari 2026, ulikuwapo mchezo mmoja tu ambao mwanamke hakuruhusiwa kuushindania medali, nao ni mchanganyiko wa Nordiki, yaani mchezo wa skii ambamo mshindani huruka kwanza kutoka mlima wa kurukia, kisha hukimbia mbio za nyika juu ya theluji. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikata shauri hilo Juni 2022: wanaume wabaki, wanawake wasubiri. Mimi nasimama na wanaosema kuwa uamuzi ule haukuwa wa haki, na ningependa hoja zangu zipimwe, hasa na wanaoutetea.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe, ugumu wake ni kwamba mrukaji anahitaji mwili mwepesi na nguvu ya kufyatuka mara moja, ilhali mkimbiaji wa nyika anahitaji mapafu na misuli ya kustahimili mwendo mrefu, na mazoezi ya upande mmoja hupunguza uwezo wa upande wa pili. Alama za mruko hugeuzwa kuwa muda. Katika shindano la kilomita 10 la mtu mmoja mmoja, kila alama aliyozidiwa mshindani humchelewesha kuanza mbio kwa sekunde nne, kwa hiyo aliyeruka vizuri zaidi huondoka wa kwanza, wengine humfukuza, na atakayevuka mstari mbele ya wenzake ndiye bingwa. Katika slalomu, yaani skii ya kuteremka kwa kupindapinda kati ya vijiti, kila mmoja hushindana na saa peke yake, na katika sarakasi za angani za skii mshindi huamuliwa na majaji. Katika mchanganyiko wa Nordiki mtazamaji humwona mshindi kwa macho yake mwenyewe. Kwangu mimi, hakuna shindano la skii linalosisimua zaidi.

Kamati ilitoa sababu mbili kubwa. Kwanza, katika Olimpiki za 2014, 2018 na 2022, medali zote 27 za mchezo huu zilichukuliwa na nchi nne tu: Norwe, Ujerumani, Japani na Austria. Pili, watazamaji wake walikuwa wachache kuliko wa michezo mingine. Takwimu hizo ninazikubali, lakini zote ni za wanaume. Wao ndio walioshindania medali hizo, na watazamaji waliohesabiwa ni wa mashindano yao, lakini wao wakaruhusiwa kwenda Milano Cortina na wanawake wakafungiwa mlango. Kosa la kaka limetozwa kwa dada, na hapo sisemi kwa mafumbo tu: Annika Malacinski wa Marekani, ambaye amelipinga jambo hili hadharani, ana kaka anayeitwa Niklas anayeshindana katika mchezo huohuo.

Wanaoutetea uamuzi husema kuwa mchezo wa wanawake ulikuwa mchanga mno. Kombe la Dunia la wanawake, yaani mfululizo wa mashindano ya msimu mzima, lilianza Desemba 2020 huko Ramsau, Austria, na katika ubingwa wao wa kwanza wa dunia, Oberstdorf 2021, medali zote tatu zilikwenda kwa Wanorwe. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, huo ulikuwa msimu mmoja. Katika ubingwa wa dunia wa 2023, huko Planica, Slovenia, Mjerumani Nathalie Armbruster alitwaa medali ya fedha, na katika msimu wa 2024/25 akashinda Kombe la Dunia kwa jumla. Wanawake wa mchezo wa kuruka kwa skii pekee nao walinyimwa nafasi katika Olimpiki ya Vancouver 2010 wakafika hadi mahakamani nchini Kanada. Walipokubaliwa Sochi 2014 mchezo wao haukuporomoka, bali mwaka 2026 waliongezewa shindano la mlima mkubwa wa kurukia.

Hoja ya uchache wa nchi inanigusa zaidi. Sisi wa Afrika Mashariki tunamkumbuka Mkenya Philip Boit, aliyekimbia kilomita 10 za nyika ya theluji Nagano 1998 akawa wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri mstarini ili amkumbatie. Boit aliweza kujifunza mbio hizo akiwa mtu mzima. Kuruka kunahitaji mlima uliojengwa maalumu, makocha, na mazoezi tangu utotoni, kwa hiyo nakiri kwamba mchezo huu hauwezi kuenea upesi. Lakini katika nchi nyingi fedha za mafunzo hufuata hadhi ya Olimpiki. Msichana asiye na Olimpiki mbele yake hupata ufadhili mdogo, wenzake huhamia kwenye kuruka pekee au mbio pekee, kisha uchache wao hutumiwa kama ushahidi kwamba hawajastahili.

Wapo pia wanaopendekeza mchezo uondolewe kwa wote, na Kamati yenyewe ilisema mwaka 2022 kwamba mustakabali wa wanaume utategemea ongezeko la nchi na watazamaji. Huo ungekuwa usawa wa kufuta mchezo uliokuwapo tangu Olimpiki ya kwanza ya baridi, Chamonix 1924, na wanawake wasingepata chochote.

Nawaomba wanaoutetea uamuzi ule wanijibu jambo moja: ni nchi ngapi zinapaswa kugawana medali ndipo mchezo wa wanawake uhesabiwe kuwa umekomaa, na je, wanaume wa 2014 hadi 2022 wangefikia idadi hiyo?