Tumeuziwa dagabodi tusizozihitaji: acheni kuwapotosha wanunuzi wa katamarani

Waungwana wa jamvi hili, salaam.

Naandika nikiwa na hasira, na hasira hiyo haikuletwa na bahari wala upepo. Imeletwa na watu wanaojiita wataalamu ambao kila wakiulizwa kuhusu katamarani ya kusafiria, yaani chombo chenye maganda mawili yaliyounganishwa sambamba, hawana jibu jingine ila kwamba chombo kisicho na dagabodi si chombo cha tanga. Mimi na shemeji yangu tuliiamini kauli hiyo, muuzaji akairudia huku akitutazama machoni, na leo tuna chombo cha futi 42 hapa Tanga ambacho hakiendani na kazi tuliyokinunulia.

Kwa asiyezifahamu, dagabodi ni ubao mrefu mwembamba unaoshushwa wima kupitia sanduku lililojengwa ndani ya kila ganda, ili chombo kishike maji na kisiteleze kuelekea demani, upande upepo unakoelekea, kinapopiga bisho, yaani kinapokwenda kuukabili upepo. Badala yake wapo wanaoweka mikuku mifupi, yaani mapezi yaliyokazwa chini ya maganda, ambayo haipandi wala haishuki. Katamarani za Lagoon, Leopard na Fountaine Pajot, ambazo ndizo zilizojaa kwenye biashara ya kukodisha, zinatumia mikuku hiyo. Catana na Outremer zimejijengea jina kwa dagabodi. Pande zote mbili zina vyombo vilivyovuka bahari kuu mara nyingi, na hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu aulize maswali zaidi kabla ya kutoa hukumu.

Sitasema uongo kwamba dagabodi hazifanyi kazi. Kwenye bisho zinafanya kazi kwelikweli. Chukua mfano wa chombo kinachoteleza nyuzi 10: katika kila maili 10 kinazokwenda, karibu maili 1.7 zinapotea ubavuni, ilhali kikiteleza nyuzi 4 kinapoteza kama maili 0.7 tu. Mtu anayetoka Tanga kwenda mjini Unguja katikati ya kusi, upepo ukiwa mbele yake na mkondo wa pwani unaoelekea kaskazini ukimrudisha nyuma usiku kucha, ataiona tofauti hiyo kabla ya alfajiri. Vilevile bahari inapochafuka unaweza kuzipandisha, ili wimbi likikupiga ubavuni chombo kiteleze nalo badala ya kujikwaa. Hayo ninayakubali bila kinyongo.

Ila muuzaji hakutuuliza tunakwenda wapi. Safari zetu nyingi ni Tanga hadi Wete na kurudi, yaani mashariki na magharibi, na kusi likiwa limetulia hutupiga ubavuni tukienda na hutupiga ubavuni tukirudi. Hatupigi bisho hata mara moja kwa mwezi. Hakutuuliza tunapakia nini, wakati tunabeba wageni wanane, mitungi ya kuzamia, maji na mafuta, na katamarani iliyoshiba mizigo namna hiyo hupungua mwendo, na mwendo ukipungua ubao nao hushika maji kidogo. Hakutaja kwamba tanga kuu alilotuuzia lilikuwa limechoka na kutanuka hadi limefanya tumbo, na tanga la namna hiyo halikupeleki juu ya upepo hata ukishusha dagabodi nne. Fedha tulizoongeza ili tupate dagabodi zingetununulia matanga mapya na chenji ikabaki.

Kilichoniuma kuliko vyote ni habari ya kina. Tangazo lilisema chombo kinahitaji sentimita 70 za maji tu dagabodi zikiwa juu, na sisi, ambao kazi yetu ni kwenye vipwa na fukwe ambazo maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, tukaona tumepata chombo chetu. Mwezi wa Machi tukakipandisha pwani ili tusugue maganda. Maji yalipotoka, kilikaa kwa matumbo yake mchangani, na uzito wa tezi, yaani sehemu ya nyuma, ukaangukia usukani zote mbili, kwa sababu ncha zake zinashuka chini kuliko ganda. Nilipochukua futi ya fundi na kupima, nilipata mita 1.05. Kumbe sentimita 70 zilipimwa hadi chini ya ganda, kana kwamba usukani si sehemu ya chombo! Katamarani ya ukubwa huo yenye mikuku mifupi huhitaji kama mita 1.2, kwa hiyo faida yote tuliyoilipia ni sentimita 15, na hiyo mikuku ingekibeba chombo kikakaa wima, usukani na rafadha ya injini vikiwa hewani salama. Hata mashua ya babu yangu iliyokuwa ikisimamishwa kwa magadi, yaani miti ya kuegemeza ubavuni, ilikaa pwani kwa heshima kuliko hii.

Maji yaliporudi tukapata la pili. Vipande vya matumbawe vilikuwa vimeingia kwenye sanduku la kulia kupitia mdomo wake wa chini, na ubao ukakwama haushuki wala haupandi. Kijana wetu akauvuta kwa winchi hadi kamba ikakatika na kumchapa mkononi. Mzamiaji alikaa chini ya ganda kwa muda mrefu akiwa na nondo nyembamba, akivichokoa vipande hivyo kimoja kimoja na kuvitia kwenye kikapu, na vingine havikuzidi ukubwa wa kokwa ya embe. Mhimili wa usukani wa kushoto tuliukuta umepinda, na fundi alitulipisha nauli ya kwenda Mombasa na kurudi kabla hajagusa hata boliti moja.

Sitaki hata kuanza habari ya usiku. Tukiwa tumetia nanga mahali penye mawimbi madogo, mbao hizo zinagonga kuta za sanduku, kidogo kidogo, hadi asubuhi, na sanduku lenyewe limepita kando ya kitanda cha wageni waliolipa kulala. Tumezibana kwa vipande vya mpira wa tairi.

Nilipompigia muuzaji kumweleza, alinijibu kwamba sisi hatujui kusafiri. Ndipo nikamkumbusha kwamba James Wharram, Mwingereza mbunifu wa katamarani, alivuka Atlantiki mwaka 1955 na 1956 kwa katamarani ya Tangaroa, chombo kisichozidi futi 24, na mwaka 1959 akarudi kwa Rongo, katamarani yake nyingine, kutoka New York hadi Ireland, akitegemea maganda yaliyochongoka chini mfano wa herufi V ili yashike maji yenyewe. Akakata simu.

Sasa ninawageukia ninyi mnaoshauri watu humu. Mtu akiuliza kama katamarani yake inahitaji dagabodi, mwulizeni kwanza upepo wa njia anayokwenda mara nyingi, mzigo anaobeba, kama chombo kitakuwa kikipwelewa kwa makusudi, yaani kuachwa mchangani maji yakitoka, na nani atakayezivua mbao hizo na kusafisha masanduku. Anayesafiri na mwenzake tu, mizigo michache, na njia yake ni ya bisho kwa majuma, mwambieni azinunue, na akague kama sanduku limejengewa chumba kisichopitisha maji, kwa sababu ubao ukigonga mwamba chombo kikiwa na kasi unaweza kulipasua. Mwenye wageni na fukwe kama sisi, mwacheni na mikuku yake mifupi.

Sisi tumeamua kukiuza. Katika tangazo letu kina kitaandikwa mita 1.05, hadi ncha ya usukani, na picha ya futi ya fundi itakuwa ya kwanza.