Ushauri: niache GENESIS 1.3 nihamie programu nyingine?

Anduleta7: Wakuu, wiki ya tatu hii nimekwama. Naiga kwa kompyuta leza ya eksirei ya elektroni huru (elektroni zenye kasi hutoa mwanga zikipita kwenye sumaku), kwa programu ya GENESIS 1.3. Data ni za LCLS, leza ya aina hiyo ya Marekani, ile iliyowaka mwaka 2009: nishati ya elektroni GeV 13.6, wimbi la angstromu 1.5, anduleta (safu ya sumaku zinazoyumbisha elektroni) ya hatua ya milimita 30, K (kipimo cha nguvu ya anduleta) 3.5. Wao leza ilishiba, yaani nguvu yake iliacha kukua, ndani ya mita 60 hivi. Majibu yangu hayaoani na yao kabisa. Nihamie OCELOT au SIMPLEX? Sura ya tasnifu inasubiriwa.

Msimbo: OCELOT, usijiulize mara mbili. Ni ya Python, imetoka European XFEL, kituo cha leza kama hiyo Ujerumani, ukikwama unafungua msimbo unasoma mwenyewe.

Fiemu: Kwenye leza, OCELOT inaandaa faili na kusoma matokeo, hesabu inaipa GENESIS hiyohiyo. Utahama nyumba na kunguni wako.

Miiba: Umenikumbusha mbali. Niliacha hali tulivu (isiyofuata wakati) nikaendesha simulesheni ya kufuata wakati, maana SASE, leza inayojikuza bila mwanga wa kuianzisha, huanzia kwenye kelele za elektroni zenyewe. Asubuhi nakuta diski imejaa, grafu miiba mitupu. Nilikaribia kulia. Kumbe ndivyo ilivyo, kila mpigo una miiba yake!

Fiemu: Anduleta7, hayaoani vipi? Bandika namba ulizoandika wewe, siyo za LCLS.

Anduleta7: Sawa. Kwa 13.6 nguvu haikukua hata chembe. Nikawa napandisha nishati kidogokidogo, ilipofika GeV 18.55 mstari ukapanda. Nikabaki hapo. Sioni kosa, hata wenye mashine huirekebisha mpaka iwake. Na sura nimeshamtumia msimamizi.

MzeeGamma: Kijana, mashine ya kweli hurekebishwa kwa sababu hakuna anayeijua hali yake yote. Hii yako inajua ulichoiandikia tu. Ukisogeza namba mpaka jibu likupendeze, hujapima kitu.

Msimbo: Jamani, uzi huu umetungwa. Anayejua K na hatua ya anduleta hawezi kupandisha nishati kwa zaidi ya theluthi moja asishtuke. Mnachezewa.

Fiemu: Nami nilishuku hivyo, nikashika kalamu. Urefu wa wimbi ni hatua ya anduleta, gawa kwa 2γ² (γ hukua sambamba na nishati ya elektroni), zidisha kwa (1 + K²/2). Kwa K 3.5 mabano yanatoa 7.125. Lakini GENESIS haiombi K ya kilele. Inaomba aw, yaani K ya wastani (rms), na kwa anduleta bapa hiyo ni K gawa kwa kipeuo cha pili cha 2. Mtu akijaza 3.5 kwenye aw, mabano yanakuwa 13.25. Wimbi likibanwa pale kwenye 1.5, nishati lazima ipande kwa kipeuo cha pili cha 13.25/7.125, yaani mara 1.364. Zidisha kwa 13.6 uone unapata nini. Msimbo, namba hiyo haitungwi. Mdogo wangu, fungua faili lako: aw ni ngapi?

Anduleta7: 3.5.

Miiba: Pole sana, ndugu.

Anduleta7: Nimeandika 2.475, nimerudisha 13.6. Kabla ya mita ya 20 mstari umeanza kupanda. Nimemwandikia msimamizi asiifungue ile sura.