Korona imeisha, sasa shavu limevimba upande mmoja. Ndiyo kuvu nyeusi?

MamaPili_Busia (Julai 2021)
Habari zenu wapendwa. Baba mkwe wangu ana miaka 61 na kisukari cha siku nyingi. Mwezi wa sita alilazwa na korona, oksijeni siku nane, akapona. Karatasi ya hospitali ilisema deksamethasoni, ile dawa ya steroidi, iishe siku ya kumi. Sisi tukaona inampa hamu ya kula, tukaendelea kumnunulia duka la dawa. Wiki ya tatu hii. Najua, mtanisema.

Tangu Jumapili pua ya kulia imeziba na shavu limevimba. Mzee anasema limekufa ganzi, kama amechomwa sindano ya kung'oa jino. Leo alipenga kwenye leso, kikatoka kitu cheusi kama masizi ya sufuria. Kliniki ya mtaani wamesema ni jino. Shemeji kaleta flukonazoli, dawa ya kuvu. Je, ndiyo ile kuvu nyeusi ya India? Na wajukuu wanaolala chumba chake niwahamishe?

Muuguzi_Mbale
Dada, mfungue mdomo, mulika kaakaa kwa tochi ya simu. Unaona nini?

MamaPili_Busia
Doa jeusi, ukubwa wa sarafu ya mia, karibu na meno ya juu kulia.

Wa_Kisenyi
Poleni. Mimi nilisikia inatoka kwenye vitunguu vya friji, vile vyenye weusi kwenye maganda. Vitupeni.

Muuguzi_Mbale
Vitunguu achana navyo, weusi ule ni kuvu wa aina nyingine. Mama Pili, ondokeni leo, hospitali ya rufaa, mwone daktari wa pua na koo. Inaitwa mukomaikosisi. Mbegu zake zimejaa kwenye udongo, samadi na majani yaliyooza, sote tunazivuta na hatudhuriki. Ila sukari ikipanda na steroidi zikashusha kinga, inaota puani, inaziba mishipa ya damu, nyama inakufa. Ndio huo weusi. Kutoka hapo ni jicho, halafu ubongo. India wamehesabu zaidi ya wagonjwa 40,000 mwaka huu. Flukonazoli haiigusi. Inatibiwa kwa dripu ya amfoterisini B na upasuaji wa kuondoa nyama iliyokufa. Watoto wasihame kwa ajili ya hiyo, haiambukizi. Beba boksi la deksamethasoni umwonyeshe daktari; msiikatishe ghafla wenyewe, wala msifiche.

MamaPili_Busia
Magari ya abiria hayatembei kwa zuio la korona, na saa moja jioni ni kafyu. Natafuta ambulansi.

MamaPili_Busia (siku tatu baadaye)
Tulifika. Sukari 24. Walichukua kipande cha nyama wakapima, ndiyo yenyewe. Jana wamemkwangua, meno mawili ya juu yamekwenda, jicho wameliacha. Dripu ni ya rangi ya njano, ikiingia anatetemeka hadi kitanda kinalia, na kila mara wanapima damu kuangalia figo. Shemeji bado anauliza flukonazoli yake irudishwe dukani.